Ubeti wa Tatu

Katika kanisa la Cedar Lick hakuna aliyeimba ubeti wa tatu. Usiniulize kwa nini. Huku kwetu Tennessee ndivyo tulivyolelewa: mwimbishaji anasimama mbele, anapuliza kifilimbi chake kidogo ili watu wapate sauti, anasema, "Ubeti wa kwanza, wa pili na wa mwisho," na kanisa zima linauruka wa tatu kama watu wanaoruka dimbwi. Mtunzi alikesha akiutafutia vina, masikini, na sisi hata kuusoma hatukuusoma. Watu wameacha nyama kwenye oveni, na saa sita wanataka wawe nyumbani.

Mwimbishaji wetu alikuwa Hollis Tidwell, fundi bomba mstaafu, mrefu na mkavu, na kazi hiyo aliifanya miaka arobaini na mitatu. Kile kifilimbi chake ndicho chombo pekee kilichoruhusiwa kulia mle ndani, tena kwa sekunde moja tu. Piano hatukuwa nayo, gitaa hatukulitaka, na kinanda usingekitaja mbele ya bibi yangu ukabaki na meno. Tuliimba kwa koo tulizozaliwa nazo, kwa sauti nne, soprano, alto, teno na besi. Mtoto wa Cedar Lick alijua kushika sauti yake kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Watu walitoka kaunti za mbali kuja kutusikiliza, wala sitii chumvi.

Hayo ni ya zamani. Wakati ninaouzungumzia walibaki watu kumi na wanne kwenye mabenchi ya watu mia na hamsini, na kila mmoja alikaa palepale alipokaa miaka yote, ungedhani amepigiliwa misumari. Bi Oleta Spann, mjane wa miaka themanini na sita, mbele kabisa kushoto. Garland Pugh, mzee wa kanisa na besi ya mwisho iliyosalia, nyuma kabisa kulia. Katikati yao mabenchi matupu, na Hollis amesimama mbele akikusanya sauti moja huku na nyingine kule, mkono wake ukipanda na kushuka kama zamani. Soprano zilikuwepo nne tano, zimepauka. Teno ilikuwa Hollis mwenyewe. Alto haikuwepo. Alto ilikuwa Nelda, mkewe, na Nelda alikuwa mwaka wa pili sasa makaburini nyuma ya kanisa.

Wengine walikuwa wamekwenda Ghalani. Kanisa lile lina jina lake, zuri tu, limeandikwa kwa taa kando ya barabara kuu, lakini kabla halijawa nyumba ya ibada lilikuwa ghala la kuuzia makochi, na Hollis alikataa kulisahau hilo.

"Nilinunua kochi pale," alikuwa akisema. "Lilivunjika."

Aliwahi kuingia mara moja, baada ya kumzika Nelda, kwa sababu bintiye Twyla alimsihi. Vijana wenye vizibao vya njano walimwelekeza pa kuegesha gari kana kwamba amekuja kwenye maonyesho ya kilimo. Mlangoni alipewa kahawa, na kitini palikuwa na tundu la kuwekea kikombe. Saa ikahesabu kurudi nyuma kwenye skrini, taa zikazimwa, moshi ukatoka jukwaani, ngoma zikaanza. Watu elfu mbili wakainua mikono gizani. Hollis alifungua mdomo aimbe teno yake, akaimba, na hakujisikia. Akaimba kwa nguvu zaidi, hakujisikia. Akafunga mdomo, akanywa kahawa yake. Kahawa, alikiri, ilikuwa nzuri.

"Mahali ambapo mtu hasikii sauti yake mwenyewe si mahali pa kuimbia," alimwambia Twyla ndani ya gari, na hakurudi tena.

Sasa mwezi wa nane, baada ya ibada, Garland Pugh alimngoja Hollis pale nje kwenye kokoto. Garland ni mtu wa maneno machache, na alikuwa ameyaandaa.

"Ndugu Hollis, nisikilize bila kunirukia."

"Bado sijaruka."

"Jumapili ya Kurudi Nyumbani, ile ya kwanza ya mwezi wa kumi, tutaimba, tutakula, halafu tutapiga kura. Kufunga au kuendelea."

Hollis alishika boneti ya gari. "Nani kasema?"

"Mimi. Na mke wangu. Na wengine kama wanne hivi wasiopenda kukwambia usoni." Garland akavua kofia, akaivaa tena. "Kanisa lisiloweza kushika sauti nne, ndugu yangu, tunadanganyana. Umesikia leo? Pale katikati pana shimo. Alto hakuna. Nasimama pale nyuma naunguruma peke yangu kama jokofu bovu. Nipatie alto, nami nitapiga kura ya kuendelea mpaka nizikwe. Hilo nakuahidi."

"Nitakupatia alto," Hollis alisema.

Alisema vile akijua alto moja tu duniani, na alto hiyo ilikuwa Ghalani, Jumapili kwa Jumapili, ikibadilisha nepi za watoto wa watu.

Twyla alifundishwa na mama yake jikoni, akiosha vyombo, tangu ana miaka mitano. Alikuwa na sauti ileile ya chini, ya asali nzito. Alifanya kazi kwa daktari wa meno mjini, ameachika, ana mtoto mmoja wa kiume aliyewahi kulazwa wiki sita kwa ajali ya pikipiki. Hollis alimwendea jioni ileile, akamkuta anakata vitunguu, na hakuzunguka.

"Nataka urudi uimbe alto."

"Shikamoo na wewe baba."

"Twyla, watafunga."

Kisu kikasimama. "Watafunga lini?"

Akamweleza. Twyla alisikiliza hadi mwisho, akavuta kiti akaketi. "Baba, mimi sikumwacha Mungu. Niliacha mabenchi matupu. Colton alipolazwa, nyinyi mlifanya nini?"

"Tulimwombea kila siku. Bi Oleta alifunga."

"Najua. Nami nashukuru. Lakini kule wakaleta chakula siku arobaini na mbili mfululizo, sikupika hata yai. Watu nisiowajua majina. Wakanikatia nyasi. Siwezi kuwageuzia mgongo kwa sababu wana ngoma."

"Sijasema uwageuzie mgongo. Nasema Jumapili moja. Ile ya kura."

"Jumapili hiyo nina zamu ya watoto wachanga. Ilipangwa tangu mwezi wa sita." Akamtazama baba yake, na kwa jinsi alivyomwona ameshika ukingo wa meza, akalainika. "Nitaangalia kama kuna wa kunishikia. Sikuahidi, baba. Nimesema nitaangalia."

Mwanamke akikwambia ataangalia, anaangalia. Lakini Hollis alikuwa mtu wa kuogopa, na mtu mwenye hofu akiambiwa labda husikia hapana. Alirudi nyumbani amekata tamaa kabisa. Wiki nzima hakula vizuri. Alipiga simu kwa watu waliohama zamani, maana Jumapili ya Kurudi Nyumbani ni ya hao, akawasihi warudi kwa siku moja tu, wakamwambia watajitahidi, kwa ile sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kukata simu.

Wiki ya mwisho kabla ya kura alikuwa anatafuta bakuli la Nelda la pudini ya ndizi, kwa sababu Jumapili ya Kurudi Nyumbani bila pudini ya Nelda, hata ikipikwa vibaya na mjane wake wa kiume, si kitu. Nyuma ya bakuli akakuta boksi la viatu, na ndani ya boksi kanda za redio kaseti. Moja iliandikwa kwa mwandiko wa Nelda: Mkutano wa Injili, Agosti 1989.

Akaichukua redio kaseti ya zamani gereji, akaiweka mezani, akabonyeza. Kwanza kukwaruza. Kikohozi. Mtoto analia. Halafu Cedar Lick ikaimba.

Sijui niwaelezeje. Mimi nilikuwepo mwaka ule, nilikuwa benchi la nne. Walijaa mpaka madirishani. Soprano zilikuwa safi kama maji ya kisimani, besi zilitikisa vioo, na Weldon, mume wa Bi Oleta, ndiye kinara wa hizo besi. Na kanda ile ilirekodiwa kutoka mkobani kwa Nelda mwenyewe, kwa hiyo mbele ya sauti zote, karibu kabisa, kana kwamba amekaa hapo mezani, alikuwepo yeye. Alto yake. Hollis alisikiliza ubeti wa kwanza ameduwaa. Ubeti wa pili ulipoisha alikuwa analia kwa sauti, hakuweza kuvumilia, akazima.

Laiti angeiacha iendelee nusu dakika tu. Hakuiacha.

Wazo lilimjia akiwa bado anafuta macho, na ukitaka kumcheka, mcheke, mimi siwezi tena. Nyuma ya mimbari ya Cedar Lick kuna birika la ubatizo, na pazia, na ukutani mto Yordani uliochorwa na mtu asiyewahi kuuona. Birika lilikuwa kavu, kwa maana miaka tisa hakubatizwa mtu. Soketi ya hita ya maji imo humohumo, na swichi yake iko ukutani mbele, sentimita chache kutoka anaposimama mwimbishaji. Jumamosi adhuhuri Hollis alishuka ndani ya birika kwa magoti yake mabovu, akaichomeka redio, akairudisha kanda mwanzo wa wimbo ule, akabonyeza kitufe kikabaki chini, kisha akazima swichi ya ukutani. Akiiwasha, kanda ingeanza. Sauti aliiweka chini, kiasi cha kujaza yale mabenchi matupu, basi. Kanda ilikuwa imechoka, imeshuka nusu sauti, naye akaitafuta nusu hiyo kwenye kifilimbi chake na kuiwekea alama kwa kucha.

"Ni sauti za watu," alijiambia kwa nguvu mle ndani peke yake. "Si chombo. Ni watu wa kanisa hilihili."

Jumapili ilifika na jua zuri. Watu wa nje waliorudi nyumbani walikuwa sita. Mwaka wa nyuma walikuwa thelathini. Mezani ukumbini kuku wa kukaanga, mayai yaliyojazwa, maharage mabichi na nyama ya nguruwe, mkate wa mahindi, vyote vimepikwa kwa ajili ya umati ambao haukuja. Hollis alisimama mlangoni mpaka saa nne kasoro dakika mbili akitazama barabara ya mtoni. Aliona vumbi, akadhani ndilo, likawa gari la posta la mtu anayelitumia Jumapili kinyume cha sheria. Twyla hakuwemo.

Saa nne Garland alimwashiria kwa kichwa kutoka nyuma. Hollis alikwenda mbele. Akatazama benchi la tatu kulia, mwisho, alipokuwa akikaa Nelda. Tupu. Akapuliza kifilimbi.

"Namba mia mbili kumi na saba," alisema. Na kwa sababu alikuwa amesema hivyo miaka arobaini na mitatu, mdomo wake ukaendelea bila kumwuliza. "Ubeti wa kwanza, wa pili na wa mwisho."

Akawasha swichi, akahesabu nne, akainua mkono.

Kwa ubeti mmoja alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Tennessee. Sauti ilitoka kila upande, mtu asingeweza kusema inatoka wapi, kwa kuwa birika liliirudisha kwenye dari na dari ikaimwaga. Mzee aliyekuwa akiimba ameinama juu ya kitabu akanyooka. Wageni wawili wakatazamana wakaanza kuimba kwa nguvu, kama mtu anavyofanya akiona hayuko peke yake. Kule nyuma Garland aliinua kidevu na besi yake ikafunguka kama mlango wa ghala la mahindi la baba yake. Na katikati, palepale penye shimo, palikuwa na alto.

Ubeti wa pili, mstari wa pili, mlango ukafunguliwa na Twyla akaingia.

Alikuwa anahema. Kifuani bado alikuwa na ile karatasi yenye jina inayobandikwa na wahudumu wa watoto kule Ghalani. Hakumtazama mtu, alikwenda moja kwa moja benchi la tatu kulia, mwisho, akasimama mahali pa mama yake, akafungua mdomo aingie na alto. Aliimba maneno matatu hivi. Kisha akanyamaza, akageuza kichwa taratibu kuelekea mto Yordani, na uso ukamsawijika.

Hollis aliona yote hayo akiwa ameinua mkono. Alto yake imeingia, ya kweli, yenye damu na mwili, na yeye amewasha swichi. Alitaka kuizima. Lakini ubeti wa pili ulikuwa unaisha, mkono ulikuwa hewani, na watu walio hai wakaingia ubeti wa mwisho, kama walivyoambiwa.

Waliokufa wakaingia wa tatu.

Ule mkutano wa mwaka themanini na tisa uliimbishwa na mgeni, ndugu mmoja kutoka Texas aliyeamini kwamba wimbo ukianzwa unamalizwa, na aliwaimbisha beti zote nne za kila kitu hadi watu wakanung'unika. Hollis alikuwa amelisahau hilo kabisa. Sasa maneno yakagongana mle ndani kama watu wawili mlangoni. Walio hai walijikwaa, wakasimama mmoja mmoja. Bi Oleta alikuwa wa mwisho kunyamaza. Kisha ikabaki kanda peke yake, na watu ishirini wamesimama na vitabu mikononi wakisikiliza watu mia mbili wakiimba ubeti ambao hakuna aliyeujua.

Hata wale wa mwaka themanini na tisa hawakuujua. Ungeweza kuwasikia wakiyumba, wakisoma, wakichelewa. Na karibu kabisa, kutoka ndani ya birika kavu, sauti ya mwanamke ikanong'ona kwa kicheko, "Hollis, hii hatuijui." Na sauti ya kijana mmoja, teno, ikamjibu, "Imba tu, mke wangu."

Hollis aliweka kidole kwenye swichi.

"Usizime," Bi Oleta alisema. "Huyo ni Weldon. Ndiye huyo anayeingia sasa. Usizime, mwanangu."

Hakuzima. Wale wa kwenye kanda waliimba ubeti wa tatu wakaumaliza, wakaimba wa nne, mgeni wa Texas akasema amina, na kanda ikaendelea kukwaruza mpaka Garland alipopita katikati ya mabenchi na kuizima mwenyewe.

"Ndugu Hollis," alisema polepole, "hiyo ni nini?"

"Ni sauti za watu, Garland. Si chombo."

"Mimi sibishani nawe habari za vyombo."

Walisali. Garland alisoma Maandiko. Mkate na kikombe vilipitishwa. Hawakuimba tena, na hakuna aliyemwomba Hollis aimbishe. Ukumbini walikula, na ile pudini ya ndizi haikuguswa mpaka Bi Oleta alipojikaza akachota kijiko kimoja, kwa heshima.

Twyla hakula. Hollis alimkuta nje, makaburini, amesimama mbele ya jiwe la mama yake.

"Ulikuwa na sauti yake miaka miwili yote?"

"Niliipata wiki hii. Naapa."

"Nilipata wa kunishikia zamu tangu jana, asubuhi nikapita kule kumkabidhi watoto tu. Nilitaka kukufurahisha, nikasema nisikupigie simu, niingie tu. Nikakwama nyuma ya trekta la majani makavu pale darajani." Akajipangusa pua kwa kiganja kama mtoto. "Nilikuja kukwambia kwamba nitakuja kila Jumapili, baba. Kule nimewaomba wanihamishie kazi ya Jumatano. Wamekubali. Nimechelewa dakika nne."

Hollis alimshika mkono akamkokota hadi ukumbini, karibu ampige mwereka. Watu walikuwa wameshaketi kwa ajili ya kura.

"Alto tunayo," alisema, pumzi zikimkatika. "Garland, uliniahidi. Huyu hapa. Atakuja kila Jumapili, mwulize. Sauti nne tunazo. Uliniahidi mbele ya Mungu pale kwenye kokoto."

Garland alimtazama Twyla, Twyla akatikisa kichwa kukubali. "Niliahidi," Garland alisema. "Nami nitapiga kura ya kuendelea. Neno langu ni lilelile." Lakini aliyasema macho yako chini.

Ndipo Bi Oleta akaomba kusimama. Walimsaidia wawili.

"Mimi nilikuwa nimekuja kupiga kura tuendelee," alisema. "Hollis anajua. Nilifunga siku tatu kwa ajili hiyo. Kila Jumapili nakaa pale mbele na nasikia tunaimba, na moyoni najisemea, aah, tumepungua kidogo, lakini bado tunaimba. Nikadhani ndivyo tulivyo. Asubuhi hii nimesikia tulivyokuwa." Akatafuta leso, hakuiona, akaendelea bila leso. "Nilisahau, Hollis. Nilikuwa nimesahau kabisa, na kusahau kulinitosha. Sasa nitakaa vipi pale Jumapili ijayo? Na alto, na bila alto, nitakaa vipi?"

"Bi Oleta, nilitaka tu—"

"Najua ulichotaka, mwanangu. Ungeniuliza ningekwambia usiniamshe."

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Kuendelea, mikono mitano, na mmoja ni wa Garland aliyetimiza neno lake. Kufunga, mikono minane. Hollis hakuinua mkono upande wowote. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kile kifilimbi.

Vitabu vya nyimbo vilipelekwa kwa kanisa moja mjini. Mabenchi yalichukuliwa. Birika, sijui. Kanda Twyla aliipeleka Ghalani, kwa kijana mmoja wa mitambo pale, akaisafisha makwaruzo yote bila kudai chochote, akairudisha na barua fupi nzuri iliyosema kwamba hajawahi kusikia watu wakiimba namna ile na angependa kujua walijifunzia wapi. Hollis aliisoma barua mara mbili akaiweka kwenye boksi la viatu. Kanda hakuisikiliza.

Jumapili ya tatu Twyla alimpitia na gari. Alikataa, akabembelezwa, akavaa tai. Kijana mmoja wa kizibao cha njano alimkumbuka, akamwita Mzee Tidwell, akamfungulia mlango. Alipewa kahawa. Saa ikahesabu kurudi nyuma, taa zikazimwa, ngoma zikaanza, na watu elfu mbili wakasimama. Walikuwa watu wema, na wengi wao, ukiwatazama vizuri, walizaliwa Cedar Lick. Hollis alisimama nao. Alipapasa mfuko wa koti akakishika kifilimbi, akafungua mdomo, akashika teno yake kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mishipa ya shingo ikamtoka.

Twyla alimwinamia sikioni. "Unaimba, baba?"

"Naimba."

"Mbona sikusikii?"

"Hata mimi, mwanangu."